Kujifunga Novemba au kusubiri Januari: uchambuzi wa kisa cha binti mmoja wa Lowell

Lowell ni mji wa viwanda vya zamani vya nguo, kaskazini mwa Boston katika jimbo la Massachusetts, na kwa miaka mingi umekuwa makao ya Wakenya wengi waliohamia Marekani: wauguzi, wasaidizi wa wagonjwa, madereva, wachungaji, wenye maduka. Watoto waliozaliwa au kulelewa huko sasa wamefika umri wa kuomba vyuo, na kila ifikapo Oktoba swali lile lile hurudi mezani: je, mtoto atume maombi ya mapema ambayo yatamfunga, au asubiri Januari pamoja na wengine? Kisa ninachokichambua hapa, nikiwa mshauri wa maombi ya vyuo, nimekiunganisha kutokana na familia zaidi ya moja ili asitambulike mtu, lakini takwimu za vyuo, kanuni zao na tarehe zao ni halisi, kama zilivyokuwa katika vuli ya mwaka 2024.

Binti ni wa tisa katika darasa la wanafunzi wapatao mia nne, katika shule ya umma. Alama zake za SAT, mtihani ambao vyuo vya Marekani huutumia kupima waombaji, ni 1470 kati ya 1600, na sehemu ya hisabati ndiyo iliyomnyanyua. Jumamosi na Jumapili hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee ambako mama yake ni muuguzi, na huko ndiko alikomwona bibi mmoja akianguka mara mbili kwa sababu breki za fremu yake ya kutembelea zilikuwa zikiteleza kila aliposhika upande mmoja tu. Alianza kuchora breki nyingine kwenye daftari la hesabu. Nililishika daftari hilo mwenyewe: kuna michoro kumi na mmoja, wa kwanza umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mwa ule wa saba ameandika uzito wa bibi yule na upana wa kiganja chake. Anataka kusomea uhandisi. Mtu akiniuliza ni kitu gani katika faili lake kingemfanya msomaji wa maombi asimame kidogo kabla ya kugeukia faili linalofuata, nitamwonyesha ukurasa huo, wala sitaanza na zile alama.

Baba ana lori moja analoliendesha mwenyewe, mara nyingi usiku. Kwa mujibu wa taarifa ya kodi ya mwaka 2023, mapato ya familia yalikuwa dola 118,000. Wanaishi katika nyumba yenye mkopo ambao haujalipwa hata nusu, na wana nyumba ya kupangisha Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, waliyoijenga kwa miaka tisa, tofali kwa tofali, kwa pesa zilizobaki kila mwisho wa mwezi. Kila mwezi hutuma pesa kwa mama yake baba, na hulipa karo ya mpwa wao aliyefiwa na wazazi. Nyuma ya binti yuko mdogo wake wa kiume, miaka miwili chini yake.

Kabla ya hesabu, kanuni zenyewe. Maombi ya mapema ni ya aina mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Kuna yale ya kufunga, ambayo mwanafunzi huyatuma kwa chuo kimoja tu, kwa kawaida ifikapo tarehe 1 Novemba, akiahidi kwa sahihi yake, ya mzazi na ya mshauri wa shule kwamba akikubaliwa katikati ya Disemba atajiunga na chuo hicho na kuondoa maombi yake mengine yote. Brown na Dartmouth hutumia utaratibu huu. Kisha kuna ya mapema yasiyofunga, ambayo mwombaji hupata jibu Disemba lakini ana hadi Mei kuamua. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hutumia aina hii, ila kwa sharti kwamba asitume maombi mengine ya mapema kwa vyuo binafsi. Baadhi ya vyuo, kama Tufts na Bowdoin, vina pia awamu ya pili ya kufunga mwanzoni mwa Januari, inayojibiwa Februari. Mwombaji wa kufunga hakatazwi kutuma pia maombi yasiyofunga kwa chuo kikuu cha umma cha jimbo lake, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui.

Mazungumzo yetu yalianza na simu ya mama. Alikuwa ameipiga picha takwimu moja akaniwekea mbele ya macho. "Mwalimu, hapa wanasema mapema ni asilimia kumi na saba, na kwa jumla ni tano. Si ni mara tatu hiyo? Kwa nini tusubiri?"

Takwimu ile ilikuwa ya kweli. Katika mzunguko wa darasa litakalohitimu mwaka 2028, Dartmouth ilipokea maombi 3,550 ya kufunga na kukubali 606, yaani asilimia 17. Kwa jumla ya mwaka, kati ya maombi 31,657 walikubaliwa 1,685, yaani asilimia 5.3. Ukiondoa wale wa mapema kwenye jumla, wanabaki waombaji 28,107 wa kawaida na nafasi 1,079, sawa na asilimia 3.8, kwa hiyo pengo ni kubwa hata kuliko alivyodhani mama. Brown inatoa picha inayofanana: ilikubali 898 kati ya waombaji zaidi ya 6,200 wa mapema, kama asilimia 14, na waombaji wa kawaida waliobaki walipata nafasi kwa asilimia 3.8 vilevile.

Lakini asilimia 17 ni wastani wa kundi zima, na kundi hilo lina watu ambao binti yetu si mmoja wao. Wa kwanza ni wanariadha walioteuliwa na makocha. Vyuo vya Ivy League, lile kundi la vyuo vikuu vinane vya zamani vya kaskazini-mashariki mwa Marekani vikiwemo Brown, Dartmouth na Harvard, vina timu nyingi mno. Dartmouth pekee ina zaidi ya thelathini, katika chuo ambacho darasa la mwaka mmoja ni kama wanafunzi 1,200. Mchezaji ambaye kocha ameshamtaja kwa ofisi ya udahili huombwa atume maombi mapema, na karibu kila mara hukubaliwa. Wa pili ni watoto wa wahitimu, kwa sababu Brown na Dartmouth bado huwapa uzito fulani, na hao pia huelekezwa kwenye maombi ya mapema kama ishara ya uaminifu wa familia. Kesi iliyofikishwa mahakamani dhidi ya Harvard ilifunua jinsi makundi haya yanavyoweza kuwa makubwa: uchambuzi wa takwimu za chuo hicho ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 43 ya wanafunzi weupe waliokubaliwa walikuwa wanariadha walioteuliwa, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au watu waliowekwa kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili.

Nilimfanyia mama hesabu ya kukisia kwenye bahasha, nikamweleza wazi kwamba idadi za wanariadha na watoto wa wahitimu nilizozitumia ni za mfano tu. Tuseme wanariadha ni 180 na wote wamekubaliwa. Waondoe pande zote mbili: wanabaki 426 kati ya 3,370, asilimia 12.6. Tuseme tena kwamba watoto wa wahitimu ni 250 na wamekubaliwa 70. Waondoe nao: wanabaki 356 kati ya 3,120, asilimia 11.4. Wanaobaki, wasiokuwa na kocha wala mzazi aliyehitimu hapo, ndio kundi la binti. Mama alitazama bahasha akasema, "Kumbe kumi na moja." Ndiyo, kama kumi na moja, na hata hiyo si yake bado.

Si yake kwa sababu waombaji wa mapema huwa wamejiandaa zaidi. Wengi wao wana washauri wa kulipwa, wamefanya SAT mara mbili au tatu kabla ya Septemba, na wametembelea chuo. Sehemu ya ukubwa wa asilimia yao inatokana na mafaili yao yenyewe. Hata hivyo si yote. Mwaka 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha uchunguzi wa maombi ya miaka ya tisini, ambamo waliwalinganisha waombaji wenye sifa zinazofanana, na wakaona kwamba kuomba mapema kulimpa mwombaji faida inayokaribia kuongezewa alama 100 za SAT. Uchunguzi ule ni wa zamani, lakini sababu iliyoizaa faida hiyo haijaondoka: mwanafunzi aliyejifunga ana uhakika wa kuja, na chuo kinachopanga vitanda, madarasa na bajeti kinathamini uhakika. Kwa 606 wale, Dartmouth ilijaza karibu nusu ya darasa kabla ya Krismasi. Harvard na Princeton ziliacha maombi ya mapema mwaka 2006 kwa hoja kwamba yanawapendelea wenye uwezo, kisha zikayarudisha mwaka 2011. Mimi naamini hoja yao ya 2006 ilikuwa sahihi na inabaki sahihi; lakini kazi ya mshauri ni kumsaidia mtoto aliye mbele yake ndani ya utaratibu uliopo mwaka huo.

Kuhusu alama 1470, wazazi walikuwa na hofu kuliko ilivyostahili. Dartmouth ilitangaza Februari 2024 kwamba inarudisha sharti la mtihani baada ya maprofesa wake wanne, Elizabeth Cascio, Bruce Sacerdote, Doug Staiger na Michele Tine, kuchunguza maombi ya miaka ambayo kutuma alama ilikuwa hiari. Waligundua kwamba wanafunzi wengi kutoka shule na familia zenye uwezo mdogo walikuwa wakizificha alama ambazo zingewasaidia, wakidhani ni ndogo, ilhali ofisi ya udahili huzipima kwa kuzilinganisha na za wanafunzi wengine wa shule ileile. Alama 1470 kwa mtoto wa shule ya maandalizi ya gharama kubwa ni udhaifu; kwa binti anayefanya kazi wikendi, katika shule ambayo wachache sana hufika 1400, ni ushahidi. Brown nayo ilirudisha sharti hilo mwaka huohuo. Kwa hiyo alama zilitumwa, na suala hilo tuliliacha hapo.

Baba alikuwa na matumaini mengine, kwamba vyuo hivi "vinatafuta Waafrika". Nilimweleza kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa tarehe 29 Juni 2023, chuo hakiruhusiwi kumpa mwombaji nafasi kwa sababu ya rangi yake. Mwombaji anaweza kueleza katika insha jinsi asili yake ilivyomjenga, na chuo kinaweza kuupima uhodari au uvumilivu unaojitokeza humo, basi. Katika darasa la kwanza baada ya uamuzi huo, sehemu ya wanafunzi weusi waliojiunga na Brown ilishuka kutoka asilimia 15 hadi 9. Sikutaka familia ipange mambo yake juu ya msingi uliokwisha kuondolewa.

Nikiulizwa makadirio yangu kwa binti huyu, nasema: Dartmouth kwa kufunga, kama moja kwa nane, kwa Januari, kama moja kwa ishirini. Hayo ni maoni ya mtu aliyesoma mafaili mengi. Yanatosha kwa kazi moja tu, nayo ni kuonyesha kwamba kujifunga kunaongeza kitu cha maana kwake, na kwamba hata hivyo uwezekano mkubwa zaidi ni kukataliwa au kuahirishwa, yaani faili lake kusogezwa likaamuliwe pamoja na ya waombaji wa kawaida. Familia isiyoyashika mambo haya mawili kwa pamoja haijawa tayari kutia sahihi.

Sasa pesa, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, jioni tatu nzima.

Gharama kamili ya mwaka mmoja katika vyuo hivi inapita dola 80,000. Hakuna chuo cha Ivy League kinachotoa ufadhili kwa sababu ya akili au alama. Vyote hutoa msaada kulingana na uhitaji, na huahidi kuziba uhitaji wote kama chuo chenyewe kinavyoupima. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Machi 2024 Dartmouth ilitangaza kwamba wazazi wenye mapato ya hadi dola 125,000 na mali ya kawaida hawatachangia chochote. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 65,000. Brown kwa kiwango kilekile cha 125,000 iliahidi kulipa ada yote ya masomo, bila kugusa malazi na chakula. Harvard wakati huo iliweka kiwango chake cha kutolipa chochote kwenye dola 85,000. Mama alipoona 125,000 na kukumbuka 118,000 alipiga makofi. Ilinibidi nimwombe tusome tena yale maneno matatu, "na mali ya kawaida".

Vyuo hivi havitegemei fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, FAFSA, peke yake. Mwaka ule yenyewe ilichelewa hadi Novemba kufunguliwa kwa wote. Hutumia fomu ya CSS Profile, inayouliza mambo mengi zaidi: thamani ya biashara, nyumba nyingine popote duniani, mwaka ziliponunuliwa, bei, deni, na kodi ya pango inayoingia. Nyumba ya Ruiru, waliyoikadiria shilingi milioni kumi na mbili za Kenya, yaani dola elfu tisini na kitu, ilikuwa lazima iandikwe. Kila chuo cha Marekani kinachopokea fedha za misaada za serikali kimelazimika tangu mwaka 2011 kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake, nasi tulikitumia mara tatu. Mara ya kwanza, bila Ruiru na kwa mapato kama yalivyo kwenye kodi, mchango wa wazazi ulikaribia sifuri. Mara ya pili, Ruiru ikiwemo, ulifika kama dola 6,000, kwa sababu chuo huichukulia sehemu ndogo tu ya thamani ya mali kuwa inaweza kutumika kila mwaka. Mara ya tatu nilimwomba baba alete kurasa za biashara ya lori. Humo alikuwa ameondoa dola 21,000 za uchakavu wa gari. Kwa mamlaka ya kodi huo ni upunguzaji halali; lakini vyuo vingi huirudisha pesa hiyo kwenye mapato, kwa hoja kwamba haikutoka mfukoni mwaka ule. Mapato yakawa 139,000, yakavuka 125,000, na mchango ukapanda hadi kama dola 15,000.

Baba alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo wazazi wengine huliuliza kwa kuzunguka. "Mwalimu, na hii ya Ruiru, ni lazima? Iko Kenya, nani ataijua?" Nilimjibu kwa heshima lakini bila kuyumba: ni lazima, kwa sababu fomu inathibitishwa kwa sahihi, kwa sababu kodi ya pango ya Ruiru inapaswa kuonekana kwenye taarifa za kodi za Marekani pia, na kwa sababu atakayebeba gharama ya uongo ukigunduliwa ni binti. Kisha nikamwonyesha kwamba Ruiru ilikuwa imeongeza elfu sita tu. Kilichowapandisha zaidi ni lori, na hilo lilikuwa tayari kwenye karatasi zao.

Pesa za kutuma nyumbani zilihitaji maelezo ya namna nyingine. Kanuni za vyuo haziipunguzi moja kwa moja pesa anayotumiwa nyanya wala karo ya mpwa. Kwa macho ya kanuni hizo ni matumizi ya hiari. Sisi tunajua si ya hiari. Fomu ina sehemu ya kueleza hali maalumu, na huko wazazi waliandika barua fupi ya ukurasa mmoja: nani anatumiwa, tangu lini, kiasi gani kila mwezi, pamoja na risiti za miezi kumi na miwili. Niliwashauri waache maneno ya kuomba huruma na waandike kama wanavyoandika taarifa ya zamu ya usiku, saa na tarehe. Afisa mmoja anaweza kuizingatia na mwingine asiizingatie, kwa hiyo hatukuihesabu popote.

Baada ya hapo wazazi walikaa wenyewe na kurudi na idadi moja: dola 16,000 kwa mwaka, ndiyo dari. Zaidi ya hapo wangelazimika kuuza Ruiru au kumzuia mdogo wake. Mama aliiandika kwenye kipande cha karatasi akakibandika kwenye mlango wa jokofu. Idadi hii ndiyo iliyobadilisha uchambuzi wote. Hasara kubwa ya maombi ya kufunga kwa familia kama hii ni kwamba unapoteza uwezo wa kulinganisha: huwezi kuweka barua nne za msaada mezani mwezi wa Aprili na kuchagua. Lakini kulinganisha na nini? Chuo kikuu cha umma cha jimbo, UMass Amherst, pamoja na malazi kinapita dola 35,000 kwa mwaka kwa mkazi wa Massachusetts, na kwa mapato yao wasingetarajia punguzo kubwa. Hata kwa makadirio mabaya zaidi, Dartmouth ingekuwa nafuu kwa zaidi ya nusu. Vyuo ambavyo vingeweza kutoa bei nzuri zaidi ni vilevile vinavyokubali asilimia tatu au nne mwezi Machi. Kwa hiyo uhuru ambao binti angeuacha kwa kujifunga ulikuwa na thamani ndogo katika hali yake. Familia yenye mapato ya dola 230,000 na watoto watatu ingefikia jawabu tofauti kabisa, na ningeishauri isijifunge.

Ilibaki kuchagua chuo. Mama alitaka Harvard, na sababu yake haikuwa ya kudharauliwa: ni mwendo mfupi kutoka nyumbani, na jina lake linaeleweka hata kijijini. Takwimu za mapema huko zilikuwa 692 kati ya 7,921, asilimia 8.7, na ndani ya hao mna makundi yaleyale ya wanariadha na watoto wa wahitimu, huku mwombaji asiyejifunga akiwa hana ahadi yoyote ya kukipa chuo. Kuitumia nafasi yake moja ya mapema pale kungemfanya aache faida ya kujifunga kwingine. Mama alilikubali hilo polepole, na Harvard ikawekwa kwenye orodha ya Januari.

Kati ya Brown na Dartmouth mzani ulikuwa mgumu kweli. Uhandisi wa Brown ni wa tangu mwaka 1847, na shahada yake inayotambuliwa na wahandisi humalizika kwa miaka minne. Dartmouth, kupitia shule yake ya Thayer, humpa mwanafunzi kwanza shahada ya sayansi za uhandisi, kisha shahada ya kitaaluma ya uhandisi, ambayo kwa wengi huhitaji muda zaidi, mara nyingi mwaka wa tano. Mwaka wa tano una bei, na msaada wake si lazima uwe kama wa miaka minne ya kwanza. Nilimtaka binti aliulize jambo hilo kwa maandishi kabla ya kitu kingine chochote. Upande wa pili, Thayer mwaka 2016 ilikuwa ya kwanza miongoni mwa vyuo vikuu vya utafiti nchini kuwahitimisha wanawake wengi kuliko wanaume katika uhandisi, na inamtaka mwanafunzi asome fasihi, historia na siasa sambamba na mashine. Binti alikwenda kuvitembelea vyote viwili, Brown iliyoko Providence kwa treni na Dartmouth iliyoko Hanover kwa gari la baba, saa mbili za milima na miti iliyogeuka rangi. Aliporudi kutoka Hanover alinieleza kwa nusu saa kuhusu karakana, jinsi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanavyoruhusiwa kugusa mitambo. Kuhusu Brown alisema ni pazuri.

Nilimwuliza swali ambalo humuuliza kila mwombaji wa kufunga: Disemba ukikubaliwa, na Machi rafiki yako akaingia Princeton, utajuta? Alifikiri, akasema angejuta tu kama baba angelazimika kuendesha lori usiku zaidi ya sasa. Kwa jibu hilo nilijua yuko tayari, na chuo ni Dartmouth.

Usiku wa kutia sahihi, baba ndiye aliyeuliza la mwisho. "Wakimkubali, halafu pesa isitoshe?" Jibu liko kwenye masharti yenyewe ya ahadi: mwanafunzi aliyeomba msaada, na ambaye msaada aliopewa hauwezeshi kujiunga, anaweza kuomba afunguliwe. Kuna utaratibu wake. Kwanza barua ya msaada huja pamoja na ya kukubaliwa, mradi CSS Profile imewasilishwa kwa wakati. Pili, kabla ya kukataa, familia huiandikia ofisi ya misaada na kuomba hesabu iangaliwe upya, ikiambatisha ushahidi, kwa mfano kwamba lori lilibadilishwa injini na kwamba uchakavu ule ulikuwa pesa halisi. Tatu, ikiwa idadi bado iko juu ya dari, mwanafunzi anaomba kufunguliwa kwa maandishi, kwa siku chache hizo na si Aprili. Anayejitoa kwa sababu amepata chuo anachokipenda zaidi huvunja neno lake, na shule yake inaweza kulipa gharama hiyo kwa wanafunzi watakaokuja nyuma yake; anayejitoa kwa sababu ya pesa, akiwa na karatasi mkononi, hajavunja kitu.

Baba alitia sahihi tarehe 29 Oktoba, siku tatu kabla ya mwisho. Wiki ileile binti alituma maombi yasiyofunga kwa UMass Amherst na UMass Lowell. Insha za vyuo vya Januari, yaani Brown, Harvard, Tufts na vingine viwili, tulikubaliana ziwe zimekamilika ifikapo tarehe 10 Disemba, kabla jibu halijaja, kwa sababu mtoto aliyeahirishwa Ijumaa hawezi kuandika insha nzuri Jumatatu. Awamu ya pili ya kufunga katika Tufts, yenye shule ya uhandisi na iliyo karibu na nyumbani, tuliiacha wazi kwa sharti moja: kikokotoo chake kifanyiwe hesabu zilezile tatu, na jawabu la tatu lisomwe mbele ya ile karatasi ya kwenye jokofu.